Nilivyokwenda Kuposa Kadi Nyekundu

Mjukuu wangu ana mwanamume mmoja anayempenda kuliko wote, na mwanamume huyo hamjui wala hajawahi kumwona. Ni mchezaji wa besiboli huko Marekani, kijana mwenye shavu moja lililovimba kwa sababu kajaza mbegu za alizeti mdomoni. Kofia imemfunika jicho, na anacheka kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Si mchezaji wa maana. Mjukuu wangu mwenyewe anakiri kwamba muda mwingi anakaa benchi. Lakini hapa kwetu Husby, Sweden, uso wake umejaa kwenye albamu kuliko picha za ukoo wetu wote, ukitujumlisha na waliokufa.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. La tano nililisikia likifundishwa upande wa pili wa ukuta nikiwa nauza karanga. Kwa hiyo mtu asitarajie nimweleze besiboli. Nimetazama na mjukuu wangu kwenye simu: mmoja anarusha, mwingine anakosa, wote wanatema mate, halafu wanaanza upya. Lakini hizo kadi nazijua, kwa sababu nimefundishwa na mwalimu mkali.

Iko hivi. Kiwanda kinachapa picha ile ile ya mtu yule yule. Ya kwanza ni ya kawaida, karatasi tu, wanazichapa kama magazeti. Halafu wanachapa tena ile ile, lakini inameremeta. Ukiishika gizani huoni tofauti. Ukiisogeza dirishani inatoa rangi zote kama mgongo wa dagaa aliyetoka ziwani sasa hivi. Halafu wanaanza kubadilisha pindo: ya kijani, ya buluu, ya zambarau, ya dhahabu, ya machungwa, mwisho nyekundu. Kila rangi ni chache kuliko iliyotangulia, na nyuma wamepiga tarakimu ndogo kuonyesha hii ni ya ngapi kati ya ngapi. Nyekundu zipo tano tu dunia nzima.

Mjukuu wangu anaziita paraleli. Mimi nikamwambia hizo ni kanga. Kanga mpya ikitoka, ua ni lile lile, maneno ni yale yale, lakini kuna ya buluu, kuna ya njano, na kuna rangi moja ambayo mwenye duka kaleta chache na kaziweka chini ya meza kwa ajili ya watu wake. Aliyeivaa hiyo, msibani watu wanamwangalia yeye badala ya jeneza.

"Umeelewa, Bibi," akaniambia kwa Kiswahili, na yeye Kiswahili chake hakigawi ovyo. Mimi namuuliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiswidi, ndivyo tunavyoishi. Akinijibu kwa Kiswahili najua nimefanya la maana.

Kabla sijagusa kadi lazima nikanawe. Mikono yangu ina mafuta muda wote, kama si ya kupikia ni ya kujipaka, maana baridi ya huku inachana ngozi. Ananielekeza bafuni kwa kidole kama daktari. Nanawa, nakausha, narudi, nanyoosha mikono aikague. Mama yangu mzazi hakuwahi kunikagua hivyo. Kisha tunakaa dirishani, ananipa kadi moja niishike kwenye kingo, naiinamisha huku na huku, na yule kijana na shavu lake anawaka na kuzimika. Wakati wa baridi mwanga unakuja kidogo na kuondoka mapema, kwa hiyo tunauvizia. Mwanangu, yaani mama yake, akirudi kazini kwenye zamu zake za kuhudumia wazee majumbani, anatukuta tumeelekea dirishani wote wawili kama paka.

Nilimuuliza kwa nini kamchagua huyu na si mmoja wa wale hodari.

"Hodari wanagombaniwa, Bibi. Huyu hakuna anayemgombania. Kwa hiyo naweza kumpata mzima."

Kumpata mzima, yaani rangi zake zote. Nilimtazama. Ana miaka kumi na miwili na keshajua hesabu ambayo wanawake wengine wanaijua uzeeni.

Yote yalianzia maktaba. Jumamosi watoto hukusanyika pale kubadilishana kadi, nyingi za mpira wa miguu na za yale majini ya Kijapani. Siku moja mtu akaacha boksi la kadi za besiboli, anayetaka achukue. Hakuna aliyelitaka. Mjukuu wangu alilibeba mpaka nyumbani kwenye theluji akiwa amelifunika kwa koti lake, yeye mwenyewe kabaki na sweta. Mama yake alifoka mpaka majirani wakasikia. Mimi nikasema moyoni, huyu damu yangu.

Ndani ya boksi lile ndimo alimokuwa kijana wa shavu, ile kadi ya kawaida na ile ya kumeremeta. Rangi nyingine alizitafuta moja moja. Alibadilishana, aliandikiana na watu wa mbali, zawadi zake za sikukuu zote aliomba ziwe pindo. Ya zambarau ilitoka Göteborg imefungwa kwa plastiki nyingi utadhani ni yai. Ya dhahabu aliipata kwa kutoa kadi ya jini ambayo wenzake walimwona mwehu kuiachia. Kila ikifika, mimi naitwa, nakwenda kunawa.

Halafu ikaja ile ya Marekani. Mtu wa huko alisema ni nyekundu, na kwenye picha ilikuwa nyekundu. Mtoto aliingoja mpaka akawa anashuka ghorofani kumsalimia mtu wa posta. Ilipofika akaifungua taratibu, akaiweka juu ya meza chini ya taa, na kweli ilikuwa nyekundu. Tukashangilia. Mimi nikapiga kigelegele. Kisha yeye akaipeleka dirishani.

"Bibi."

"Nini?"

"Ni machungwa."

Tukaigeuza nyuma, na tarakimu zikasema hivyo hivyo. Machungwa alikuwa nayo tayari. Hakulia. Aliiweka kwenye kifuko chake cha nailoni kwa adabu, kama vile kosa halikuwa la kadi, akaenda chumbani na kurudisha mlango. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo hili kwake si mchezo.

Sasa nimlete huyu mzee wa Upplands Väsby. Ndiye aliyeacha lile boksi maktaba, ingawa wakati ule hatukumjua. Ni Mswidi, mstaafu, mrefu kama nguzo ya umeme, alicheza besiboli ujanani hapa hapa Sweden, na amekusanya kadi miaka yote hiyo. Boksi lile lilikuwa mabaki yake, zile asizozihitaji. Jumamosi moja akaja mwenyewe pale maktaba na albamu yake kuangalia kama kuna mtoto aliyevutiwa. Akamkuta mmoja tu. Mjukuu wangu akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na pale akamkuta kijana wa shavu, pindo jekundu. Moja ya zile tano.

Alirudi nyumbani hakula. Nilipika wali wa nazi na samaki, akausukumasukuma kwenye sahani.

"Anayo," akasema. "Hataki kuitoa."

"Ulimwombaje?"

"Nilimuuliza kama naweza kuinunua."

"Mbele za watu?"

"Ndiyo."

"Umesimama au umekaa?"

"Bibi!"

"Nakuuliza."

"Nimesimama."

"Na begi mgongoni?"

Akatazama sahani. Begi lilikuwa mgongoni.

"Basi kakukataa kwa haki," nikamwambia. "Umeingia kwa mtu na begi mgongoni, hata jina la mama yake hulijui, unamwambia nipe binti yako niende naye. Hivyo si kuposa, mke mwenzangu. Hivyo ni kukwapua."

Mke mwenzangu ndivyo ninavyomwita tukitaniana, kama bibi yeyote wa kwetu na mjukuu wa kike. Mama yake hapendi nikimwita hivyo mbele ya Waswidi, anasema watapiga simu mahali.

Mwanangu akaingilia. "Mama, huku mtu akisema hapana ni hapana."

"Kwa mambo mengine sawa, na iwe hivyo hivyo. Lakini hii ni kadi."

"Unataka kufanya nini?"

"Nakwenda kuposa."

Mjukuu wangu akainua uso kutoka kwenye sahani. Nikamweleza kwamba babu yake, Mungu amrehemu, alituma mshenga kwetu Ujiji na mshenga akarudishwa. Akamtuma tena, akarudishwa tena. Yule mshenga mpaka akazoeana na mbwa wetu.

"Kwa nini mlimkataa?"

"Hatukumkataa. Tulikuwa tunamwangalia."

Kwetu kazi ya mshenga wanaifanya wanaume. Wajomba zangu walikuwa mabingwa, na mimi niliwasikiliza tangu mdogo nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni nakuna nazi. Najua maneno yote. Sikuwahi kupewa nafasi ya kuyasema. Huku Husby wajomba hawapo, nani wa kunizuia?

Mjukuu akamwandikia mzee kwamba bibi yake angependa kuja kumsalimia. Mzee akajibu: karibuni, Jumapili, saa nane. Mama yake akaridhia maana mtoto haendi peke yake kwa mtu asiyemjua, na kama si mimi angekwenda nani? Yeye alikuwa zamu.

Nilikaanga sambusa, nikafunga na pakiti ya dagaa wa Kigoma ambao mtu aliniletea kwenye begi lake. Tukapanda basi mpaka Helenelund, pale tukachukua treni ya kwenda kaskazini. Nilitaka tuchelewe kidogo. Washenga wanaofika saa kamili wanaonekana wana njaa. Mjukuu akanivuta mkono kwenye barafu mpaka tukabonyeza kengele saa nane kamili.

Mzee alifungua akiwa na soksi za sufu, kidole gumba kinachungulia. Nyumba inanukia kahawa, safi, imenyamaza. Kwenye kiti kizuri kuliko vyote alikaa paka jike wa kijivu, mnene, ambaye hakuinuka. Nikajua mama mwenye nyumba ni yule.

Tukakaa. Nikakohoa kama mjomba wangu mkubwa alivyokuwa akikohoa.

"Mwambie: tumepita njia, tumeiona nyumba yenu imetulia na watu wake wana sifa njema, tukaona si uungwana tupite bila kupiga hodi."

"Hej," mjukuu akasema.

"Hej," mzee akajibu.

Kiswidi changu ni cha dukani na cha hospitali, lakini hilo nililisikia. "Mimi nimesema yote yale, wewe umesema neno moja?"

"Ndiyo hilo hilo, Bibi."

"Haya. Mwambie tumesikia bustanini kwake kuna ua, na sisi kwetu ua la namna hiyo hatuna."

Mtoto alitazama dari muda mrefu. Akatafsiri. Mzee akageuka kutazama dirisha, akasema kitu kwa masikitiko.

"Anasema hana bustani. Ana balkoni tu. Na sasa ni Februari."

"Mwambie tutangoja."

Mzee akaleta kahawa na mikate ya mdalasini, akala sambusa yangu, akala nyingine, akafuta jasho kwa sababu ya pilipili, akala ya tatu. Nikamnyooshea paka dagaa mmoja. Yule paka, aliyekuwa ametudharau tangu tuingie, alishuka kitini, akamla yule dagaa, kisha akapanda mapajani pangu na kunitazama machoni kama mtu anayedai maelezo. Nikamwambia mjukuu atafsiri kwamba huo ni mkaja, ile zawadi ya mama aliyemlea binti, na kwamba mama kaupokea mbele ya mashahidi.

"Hilo sitafsiri," mjukuu akasema.

Lakini mzee alikuwa anacheka. Hajawahi, akasema, kumwona paka huyu akienda kwa mgeni. Akaleta albamu zake. Hapo nami nikaona nimekosea, maana nilikuja nikidhani mzee ni bahili tu, na haikuwa hivyo.

Yeye hakusanyi mtu, anakusanya timu. Timu moja, mwaka mmoja, kila mchezaji wake kwa rangi nyekundu peke yake. Wale hodari, wale wa benchi, wote. Alifungua kurasa na nyumba nzima ikawaka wekundu, kama vitambaa vya harusi vikianikwa. Na katikati ya wekundu ule kulikuwa na vifuko vitupu, vingi, kila kimoja kina karatasi ndogo ya jina la anayengojwa.

Basi nikaelewa shida ilipo. Huyu mzee anataka ukoo mzima kwa rangi moja. Mjukuu wangu anataka mtu mmoja kwa rangi zote. Na njia zao mbili zimekatana mahali pamoja tu, na pale ndipo alipokaa kijana wa shavu na mbegu zake mdomoni. Akitoka kwa mzee, ukoo una pengo. Asipotoka, mtoto hampati mzima. Hakuna aliyekosea hapo.

Nikainuka, nikashukuru, nikaaga. Kadi sikuitaja.

Kituoni mjukuu alinipasukia. Kwa Kiswidi, haraka haraka, mpaka watu waliokuwa wanasubiri treni wakageuka. Akipungukiwa na maneno akaingiza Kiswahili.

"Hukuiomba! Bibi, tumekuja mpaka huku, umemlisha paka, hukuiomba!"

"Siku ya kwanza haiombwi."

"Lini sasa?"

"Akianza kujiuliza tumefuata nini."

"Hatajiuliza! Ni Mswidi! Atafikiri tumekuja kunywa kahawa!"

Akakaa kiti cha mbali kwenye treni. Nilimwacha. Nami, niseme ukweli, nilikuwa na hofu. Mambo ya nyuma ya mlango wa jikoni Ujiji si lazima yafanye kazi Upplands Väsby. Kama mzee angefikiri kweli tumekuja kunywa kahawa, ningekuwa nimemtia mtoto aibu ya bure.

Lakini ujumbe ulikuja. Mzee aliandika kwamba paka hali tena chakula chake cha kawaida, na je, kulikuwa na kitu ambacho bibi alitaka kusema? Nikapiga kofi mezani. Nikamwambia mjukuu: mjibu kwamba kipo, lakini kwetu upande wa binti nao huja kuona nyumba anakokwenda. Aje yeye.

Akaja, na maua mkononi, saa kamili. Mwanangu siku hiyo alikuwa mapumziko. Kabla hajavua koti, mwanangu akamweleza kwa Kiswidi chake kizuri jambo zima: posa, mshenga, mkaja, ua la bustanini. Alieleza akiwa ameona haya, kama mtu anayetoa taarifa ya mgonjwa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akakaa wima, akaniambia kupitia kwa mwanangu kwamba ombi limefika, lakini yeye hawezi kujibu bila kushauriana na mama wa binti, na mama yuko nyumbani anasusa chakula.

"Mama," mwanangu akasema, "amekuweza."

"Huyu ndiye mtu," nikasema. "Pakua pilau."

Baada ya kula, mjukuu alileta albamu. Tulinawa wote, mzee alinawa bila kuambiwa. Mtoto akafungua ule ukurasa. Kijana wa shavu, wa kawaida, wa kumeremeta, wa kijani, wa buluu, wa zambarau, wa dhahabu, wa machungwa, wote wakicheka kicheko kimoja, na mwishoni kifuko kimoja kitupu. Kulikuwa na jua siku ile. Mzee akaubeba ukurasa mpaka dirishani, akauinamisha polepole, na rangi zikapita juu ya ndevu zake.



Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti lake, akaitoa. Alikuwa ametembea nayo. Akasema, na mwanangu akatafsiri kwa sauti ya chini, kwamba hakuja kuitoa. Alikuja kukataa, kwa heshima. Aliileta ili mtoto aiweke mahali pake mara moja tu, apige picha, aone safu imetimia.

Mjukuu wangu akaipokea kwa ncha za vidole. Akaiingiza. Nikaona kitu ambacho sijui nikielezeje kwa mtu asiyezijua kadi hizo. Ile safu ilipumua. Akapiga picha kwa simu. Moja tu. Akafunga simu.

Nilijua kinachofuata na nilitaka kutoka nje. Mtoto wa miaka kumi na miwili, umempa tonge mdomoni, sasa unamwambia ateme. Nilijiandaa kwa kilio, nilijiandaa kwa aibu. Hata maneno ya mjomba wangu mkubwa yalinikauka.

Akaichomoa mwenyewe. Hakungoja mzee anyooshe mkono. Akaiweka kwenye kifuko chake, akamrudishia kwa mikono miwili na kugusa goti chini kidogo, vile ninavyomfundisha kila siku na kila siku ananiambia hakuna anayefanya hivyo Sweden.

Halafu akazungumza. Mwanangu akafungua mdomo kumsaidia, mtoto akamwinulia kiganja. Alimwambia mzee kwa Kiswidi, polepole, na kwa kuwa alisema polepole nilielewa karibu yote.

"Wewe kwenye timu yako unapungukiwa na wangapi?"

Mzee akasema wengi. Wengine pengine hatawapata kamwe.

"Mimi napungukiwa na mmoja. Naona kadi ikae kwa yule ambaye amebakiza hiyo tu. Sasa hivi ni mimi. Siku ukiwapata wote, ukabakiza huyu peke yake, nipigie simu. Nitakuletea siku hiyo hiyo. Nitakuja na treni."

Mzee akaitazama kadi. Akauliza, na kama nikifa kabla?

"Mwambie," nikasema kwa sauti, "hatuzungumzi habari za kufa na sahani za pilau bado ziko mezani."

Akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza akafuta macho, akasema kitu kirefu. Mwanangu alitafsiri: amekusanya tangu kijana, ameombwa auze, ameombwa abadilishane, hata amedanganywa, lakini hakuna aliyewahi kumpa kanuni. Hii ni kanuni, na hana jibu la kuipinga. Kisha akageuka kwangu na kudai mahari. Dagaa, kila watakapokuja kutoka Kigoma, sehemu ya mama wa binti. Nikabisha kidogo, maana posa isiyobishaniwa haina ladha. Nikamwambia paka mwenyewe mnene, amwonee huruma moyo wake. Akasema mkwe mwema hapimi uzito wa mama mkwe. Hapo nikashindwa, na nikafurahi kushindwa.

Mjukuu wangu alikuwa hasikii hata moja ya hayo. Ameshakwenda dirishani.

Sasa ni majira ya joto, na mzee anapiga simu. Haulizi kadi, ni mtu wa neno lake. Anapiga kila akimpata mwekundu mpya. Juzi kampata mmoja kutoka Japani, wiki chache kabla ya hapo kampata mwingine aliyekuwa kamkatia tamaa. Mjukuu wangu anampongeza kwa moyo, nasikia sauti yake, anafurahi kweli, anamuuliza tarakimu za nyuma. Kisha anakata simu, anakuja kusimama karibu yangu jikoni. Anajua ahadi aliyoitoa, na najua ataitimiza. Siku ile ikifika atavaa koti lake, atapanda treni, atagonga saa kamili, ataitoa kwa mikono miwili. Ndiyo maana natembea kifua mbele hapa Husby, na nikikutana na Mkenya au Mrundi kwenye lifti namsimulia hata kama hakuniuliza.

Lakini yeye ni mtoto, na mimi ni bibi yake. Kwa hiyo kila nikimaliza swala namtaja na yule mzee wa Väsby. Namwombea kwa dhati, kwa jina lake na la paka wake. Namwombea afya njema, maisha marefu, na bahati mbaya.